Matairi Mawili ya Mzee Kiula

Hii nimeipata kwa shemeji yangu anayeendesha malori, naye aliipata kwa mwenzake, na huyo mwenzake sijui aliitoa wapi. Isome mpaka mwisho. Kuna watu humu mna tabia ya kusoma mistari miwili na kuirusha kwenye kundi la ukoo. Hii ukiikatisha katikati utaelewa kinyume.

Palikuwa na tajiri mmoja huko Singida, Mzee Kiula, mwenye malori kumi na mawili ya kupeleka vitunguu Dodoma. Hakuzaliwa na mali. Alianza utingo, akawa dereva miaka ishirini, akanunua lori lake la kwanza likiwa chakavu la kusukumwa. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumfundisha habari za barabara, na mwenyewe alipenda kuwakumbusha watu hivyo.

Alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote. Wakati wa kiangazi, ikifika saa saba mchana, kila dereva wake asimame popote alipo, ashuke, afungue valvu za matairi na kutoa upepo kidogo. "Tairi nalo linachoka," alikuwa akisema. "Jua likiwaka, upepo unavimba. Usipolipumzisha litakupasukia." Pale yadi waliita kupumzisha tairi, na dereva asiyepumzisha alipewa barua ya onyo.

Fundi wa matairi alikuwa mwanamke, Mwajabu. Usishangae, kazi alirithi kwa marehemu baba yake. Alikuwa na miaka kumi na sita pale yadi, na alibandua tairi la lori kwenye rimu kabla wanaume hawajamaliza kubishana nani ashike mtaimbo. Matairi yote ya Mzee Kiula aliyachagua yeye, meusi matupu yasiyo na urembo, na hakutaka kusikia mengine.

Kiangazi kimoja matairi yakaanza kupasuka mfululizo, si moja moja kama miaka iliyopita. Likapasuka la kwanza, wakasema bahati mbaya. La pili, wakasema barabara. La nne lilimpeleka dereva mmoja, Ntandu, mpaka mtaroni, akavunjika nyonga. Hapo Mzee Kiula alikuja yadi amefura.

"Fundi! Matairi unayonichagulia yananimalizia watu."

"Shikamoo, mzee. Matairi hayana kosa."

"Nani ana kosa? Mimi?"

Mwajabu alikuwa na jibu. Alikuwa nalo miaka mitano. Kila tairi lililopasuka lilirudishwa kwake, akalipasua, akaona ndani ubavu umeungua na kutoa ungaunga mweusi, alama ya tairi lililokimbia likiwa na upepo pungufu. Lakini yadi nzima ilikuwa imetega masikio, na nani amfunge paka kengele?

"Nasema tu, mzee. Matairi hayana kosa."

Miezi miwili haikupita, akaja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Bwana Mbaraka, na tairi lenye mstari mwekundu ubavuni. Alilipigapiga mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Mzee, hili limetengenezwa kwa ajili ya jua. Tairi la kiangazi hasa. Lile jeusi lenu ni la mvua mvua."

"Umewahi kulifunga wewe?" Mwajabu akamuuliza.

"Mimi nauza, dada."

"Ndiyo maana nikauliza."

Watu wakacheka. Mzee Kiula hakucheka. Akatangaza jaribio. Malori mawili ya aina moja, magunia ya vitunguu idadi sawa, Singida mpaka Manyoni na kurudi, jua la mchana likiwa kali. Lori la kwanza livae mstari mwekundu mbele, la pili livae jeusi.

"Likipasuka jekundu, Bwana Mbaraka, usikanyage tena hapa. Likipasuka jeusi," akamgeukia Mwajabu, "fundi, funga virago."

Ewe msomaji, mwanamke huyu hakuwa na kazi nyingine duniani. Na hapa ndipo alipokosea, nami simfichi. Asubuhi ya jaribio alimvuta pembeni Gunda, dereva wa lori lenye tairi jeusi.

"Saa saba simama kama mwenzako. Shuka, inama. Lakini valvu usiiguse."

"Mama, mzee akijua?"

"Akijua, sema ni mimi."

Malori yakaondoka saa nne, yakafika Manyoni, yakageuza. Saa saba yakasimama njiani. Kisuda, dereva wa mstari mwekundu, akapumzisha matairi yake kama sheria inavyotaka. Gunda akainama, akajifanya anahangaika, akapanda tena.

Saa nane na nusu Gunda aliingia yadi peke yake. Simu ilikuwa imeshatangulia. Karibu na Ikungi tairi la mstari mwekundu lilipasuka, lori likaingia shambani, vitunguu vikatapakaa mpaka majogoo wa watu wakashiba. Kisuda alikuwa hai.

Yadi ikalipuka kwa vigelegele. Bwana Mbaraka aliketi juu ya rimu, kashika kichwa. Mzee Kiula akaukamata mkono wa Mwajabu, akauinua juu kama refa anayetangaza mshindi wa ndondi.

"Mmeona? Tairi la fundi wangu, na sheria yangu ya saa saba. Hivyo viwili vikikutana, jua litafanya nini?"

Wakapiga makofi. Mwajabu naye alicheka, maana raha ilimjaa kweli. Kazi imepona. Mpinzani kaaibika. Nini tena?

Ndipo akaletwa Kisuda kwenye pikipiki, kafunga paji la uso kwa shati lake mwenyewe, damu imeganda mpaka shingoni. Hakuomba maji wala dawa. Alikwenda moja kwa moja mbele ya tajiri, mikono nyuma.

"Mzee, nilipumzisha. Haki ya Mungu nilipumzisha, tena sana kuliko siku zote. Usiniandikie barua."

Raha yote ikamtoka Mwajabu. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu ikaja hasira, hasira ya miaka mitano.

"Mzee, ushushe mkono wangu," akasema.

"Vipi tena?"

"Sijashinda. Gunda hakupumzisha. Nilimkataza mimi."

Mzee Kiula aliuachia ule mkono kana kwamba umemchoma.

"Umevunja sheria yangu? Kwenye jaribio langu? Nyuma yangu?"

"Nyuma yako, ndiyo, na nimekosea. Sasa nasema mbele yako. Lori lililotii sheria yako liko shambani Ikungi. Lililoivunja lile pale limesimama. Tairi la Bwana Mbaraka halina kosa, na tairi langu halikuwa na kosa. Kinachopasua matairi yako ni saa saba. Ndiyo iliyomvunja Ntandu nyonga. Nimelijua hili miaka mitano nikanyamaza kwa kukuogopa. Leo nimechoka kukuogopa."

"Nimeendesha malori miaka ishirini!"

"Kwenye vumbi, mzee, mwendo wa thelathini. Vijana wako wako kwenye lami, mwendo wa themanini."

Akachukua kipande cha waya kilichokuwa chini, akamkabidhi. "Kikunje na kukikunjua, mara ishirini, haraka haraka. Kisha shika pale kinapokunjikia."

Mzee akafanya kwa dharau. Alipogusa, akatoa kidole upesi na kukipuliza. Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Tairi lenye upepo pungufu linajikunja hivyohivyo kila linapozunguka," Mwajabu akasema. "Linajipika lenyewe. Wewe unaona limevimba kwa jua, unalipunguzia upepo, kumbe ndiyo umewasha jiko."

"Waya si tairi," mzee akajibu. Sauti ilikuwa imepungua, lakini alijibu.

"Sawa. Kesho turudie, tugeuze. Mstari mwekundu lisiguswe. Hili jeusi langu, ninalolisifu siku zote, ndilo lipumzishwe. Ulipumzishe wewe, kwa mkono wako. Na dereva simtumi mtu. Nitaendesha mimi, wewe utakaa kushoto kwangu, juu ya tairi hilohilo. Nikiwa mwongo tutarudi wazima, na utanifukuza."

"Thubutu!" akasema Mzee Kiula. "Unadhani naogopa?"

"Sidhani kitu, mzee. Nakualika."

Basi, kesho yake wakaenda. Gunda alitangulia na lori jingine lililovalishwa matairi mapya ya mstari mwekundu, Mwajabu akafuata na tajiri pembeni. Wakafika Manyoni. Wakageuza. Jua lilikuwa linachemsha lami. Saa saba kamili Mwajabu akaegesha, akazima injini.

"Haya, mzee. Pumzisha."

Mzee Kiula akashuka. Akaenda kwenye tairi la kushoto la mbele, akachuchumaa. Akaligusa, akalikuta la moto, limekaza kama ngoma. Akafungua kifuniko cha valvu, akatoa msumari wa kubonyezea upepo. Miaka yote alikuwa akiamuru jambo hilo lifanyike, na miaka kumi na tano hakuwa amepanda lori.

Akauweka msumari kwenye valvu. Akatazama juu, kwenye kiti atakachokalia. Akatazama barabara iliyobaki. Gunda na utingo wake walikuwa wamesimama wakimwangalia, na Mwajabu naye, mikono kiunoni.

Dakika ikapita. Jasho likamtiririka mzee mpaka kidevuni. Mkono haukubonyeza.

"Mzee," Mwajabu akasema, "muda unakwenda. Madereva wako hawapewi muda wote huo."

Mzee Kiula akarudisha kifuniko, akakikaza vizuri, akasimama akijishika magoti.

"Siwezi," akasema.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Wallahi sikujua. Najua tu kwamba mimi sitaki kulikalia."

Wakarudi Singida na matairi yote mazima, mekundu na meusi. Pale yadi watu walisubiri kusikia kishindo gani kimetokea, wakaambiwa hakuna. Mwajabu hakuwaacha watawanyike. Alitaka jaribio la haki limalizike, akayapiga breki malori yote mawili pale uwanjani, mwendo uleule, mzigo uleule, upepo umepimwa kwa geji mbele ya wote, akahesabu hatua kwa miguu yake. Mstari mwekundu lilisimama hatua sita mapema.

"Nunua la Bwana Mbaraka," akamwambia tajiri. "Langu limeshindwa."

Bwana Mbaraka akaanza kumshukuru, Mwajabu akamkata. "Usinishukuru. Jifunze kulifunga."

Mzee Kiula akampa Mwajabu barua ya onyo kwa kuchezea jaribio, na fundi akaitia sahihi bila ubishi, maana kosa alilifanya. Kisha mzee akatangaza kwamba sheria ya saa saba imekufa, na kwamba kuanzia siku hiyo upepo wa matairi ni neno la fundi peke yake.

"Nakushukuru," Mwajabu akasema. "Lakini sishiki spana."

"Una nini tena, wewe mwanamke?"

"Ntandu yuko kitandani mwezi wa pili. Nenda umwambie. Usimtume karani, usimpelekee matunda ukakaa kimya. Mwambie kwa mdomo wako. Mimi nitakuja nawe, kwa sababu nami nilijua nikanyamaza."

Ebo! Tajiri mzima aende kumwomba radhi dereva wake? Watu walidhani hapo sasa fundi atafukuzwa kweli. Mzee Kiula alizungusha funguo za gari kidoleni. Kisha akamfungulia fundi mlango wa gari.

Walimkuta Ntandu hospitalini amelala chali, mguu umefungwa uzito. Alipomwona tajiri wake alijaribu kuinuka, akashindwa, macho yakamjaa machozi. Kabla mzee hajafungua kinywa, akawahi yeye.

"Nisamehe, mzee. Miezi miwili nimelala hapa najiuliza. Nadhani siku ile sikulipumzisha la kutosha."

Mzee Kiula akatafuta kiti, akakosa, akapiga magoti sakafuni kando ya kitanda.

Funzo: Kabla hujalaumu chombo au mtu wa chini yako, nenda ukaikalie mwenyewe amri unayowapa wengine, na wewe unayeujua ukweli, useme mapema, maana kimya chako nacho huvunja watu nyonga.