Matairi ya Siku Kubwa

“Tairi lililolala nalo huzeeka.” Mmetoka kwenye mazoezi ya kwaya mnacheka, kwa sababu mwalimu amemwambia Elinami maneno hayo baada ya mwimbaji huyo kukaa miezi mitatu akiitunza sauti yake kwa ajili ya Pasaka bila kuimba hata ubeti mmoja. Mnaniuliza methali hii ilitoka wapi. Haikutoka mbali. Ilianzia hapa hapa Upare, kwenye barabara ya lami inayopanda mlima wetu, na nilikuwapo.

Enzi hizo kila mwaka, wakati wa kiangazi, barabara ile ilifungwa kwa siku mbili na magari ya mbio yakashindana kupanda, moja baada ya jingine. Aliyetumia muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Mzee Elieza Mbwambo alikuwa na gari jekundu la milango miwili, fupi, lenye kelele, na kwa gari hilo aliwahi kufika juu kwa dakika tatu na sekunde hamsini na nane. Miaka minane ilipita bila mtu kuifikia rekodi hiyo.

Jioni ya ushindi ule aliyavua matairi yote manne, akayafunga kwenye magunia na kuyatundika stoo, chini ya bati. Kila mwaka watu walimwomba ayatumie, na kila mwaka alijibu, “Hayo ni ya siku kubwa.”

Baadaye mgongo ulimsumbua, akamwachia usukani Nakijwa, binti wa marehemu kaka yake. Nakijwa alifanya mazoezi msimu mzima kwa matairi ya kawaida, na muda wake ukawa unapungua kila wiki. Mzee alipoona rekodi yake inakaribiwa na mtu wa nyumbani kwake, alifurahi sana. Ijumaa alfajiri, siku moja kabla ya mashindano, akaniita mimi, fundi wake.

“Fundi, siku kubwa imefika. Shusha magunia.”

Nikashusha. Matairi yalikuwa meusi, yanang’aa, na meno yake marefu kama yametoka dukani. Niliyafunga bila kuyakagua. Hilo lilikuwa kosa langu na silifichi.

Ijumaa hiyo asubuhi yalikuwa majaribio ya mwisho. Kuna kona moja kali karibu na josho la ng’ombe. Nakijwa alipofika hapo, nyuma ya gari kukaserereka, nusura aingie mtaroni. Akarudi chini, akajaribu tena kwa mwendo mdogo. Likaserereka tena. Mara ya tatu, mtu mmoja aliyekaa ukutani akapaza sauti, “Dada, hapo ni kona, si uwanja wa ngoma!” Watu wakaangua kicheko.

Mzee Elieza hakucheka. “Kesho ataendesha Sefue,” alimwambia Nakijwa aliporudi chini. Sefue alikuwa mwanawe.

“Baba mdogo, siliachii mimi. Linaniponyoka.”

“Matairi haya yalinipa kombe, Nakijwa. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni nini?”

Nakijwa alikuwa ameshika kofia yake ya mbio kwa mikono miwili. Msimu mzima alikuwa akiamka alfajiri kwa ajili ya siku moja, na sasa siku hiyo ilikuwa inampita.

Hata mimi sikujua. Nikaomba saa moja. Nilianza na upepo: ulikuwa sawa. Nikainua gari kwa jeki, nikatazama shokomzoba, breki, nikahakikisha hakuna gurudumu lililokaa upande. Yote sawa. Ndipo nikayashika matairi yenyewe. Yalikuwa yametoka kupanda mlima, nikategemea kukuta mpira wenye joto unaonata kidogo mkononi. Niliukuta mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Nilipobonyeza ukucha, haukuacha alama. Kati ya meno kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele.

Nikaenda kwenye matairi ya mazoezi. Meno yalikuwa yameisha sana, lakini ukucha ulizama.

Ubavuni mwa kila tairi hupigwa tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Nilifuta vumbi nikasoma. Matairi ya mazoezi yalikuwa na mwaka mmoja. Yale ya siku kubwa yalikuwa na miaka kumi. Kumbe hata siku mzee alipoyanunua yalikuwa yameshakaa miaka miwili.

Nikamwita. “Mzee, naomba ubonyeze hapa. Halafu hapa.”

Akabonyeza. Uso haukubadilika. “Kwa hiyo unataka nivue haya yenye meno yote, nivae hivyo vibogoyo?”

“Meno hutoa maji barabarani na kushika udongo. Lami kavu hushikwa na ulaini wa mpira. Joto la bati limeukausha huu miaka minane.”

“Hayajakimbia hata kilomita hamsini!”

“Ni kweli. Lakini hayo ya kilomita ni hesabu moja, na ya miaka ni nyingine.”

“Nani alikufundisha hayo?”

“Hakuna mtu, mzee. Nimeyashika tu sasa hivi.”

Nakijwa akasogea. “Baba mdogo, kama ni mkono wangu, panda wewe. Kona unaijua kuliko sisi wote.”

Mzee alimtazama, kisha akachukua kofia mkononi mwake, akainama kwa maumivu na kuingia garini.

Tulisikia injini ikipanda, ikabadili gia, ikafika joshoni. Halafu matairi yakalia kwa muda mrefu, ukimya ukafuata. Tulikimbia. Gari lilikuwa limesimama salama kwenye nyasi, likitazama lilikotoka. Mzee alikuwa ndani, mikono kwenye usukani.

“Fundi,” mzee alisema hatimaye, “leta vibogoyo.”

Ilinibidi niseme yote. Nikamwonyesha vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya tairi. “Meno yakilingana na vinundu hivi, tairi limekwisha. Haya yamebakiza kidogo sana. Kesho jua likiwaka yatashika. Mvua ikinyesha, hata ya rasharasha, tusikimbie.”

“Ikinyesha, nitakaa chini niwapigie wengine makofi,” alisema Nakijwa. “Lakini nitakuwa nimekaa mimi, si Sefue.”

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Umesikika, mwanangu.”

Jumamosi jua liliwaka mpaka lami ikanukia. Nakijwa alipanda wa tisa. Nilikuwa joshoni. Gari liliingia konani kwa kasi ambayo ilinifanya nishike kichwa, likainama, likang’ang’ania, likatoka na kupotea juu. Halikuserereka hata unene wa kiganja.

Sauti ilishuka kutoka juu ya mlima, ikipokezanwa kona kwa kona: tatu na hamsini na moja! Rekodi ya miaka minane ilikuwa imekatwa kwa sekunde saba. Wanawake walipiga vigelegele, na yule mtu wa ukutani alikuwa wa kwanza kurusha kofia hewani.

Gari liliposhuka, watu walilizunguka wakitafuta matairi mashuhuri ya siku kubwa. Walipoona yale yaliyolika, wakashangaa. “Mzee Elieza, yako wapi yale uliyotutunzia?”

Mzee alikuwa amemkumbatia Nakijwa begani, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. Angeweza kuwajibu lolote. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa yake, na aliyeivunja alikuwa damu yake. Lakini alisimama akanyoosha mgongo wake mbovu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

“Nililitunza likalala, nikadhani linanisubiri. Jamani, tairi lililolala nalo huzeeka.”