Bega la Shaame

"Neno lisilosemwa hulemea bega." Wajukuu waliisikia methali hiyo matangani, wakamuuliza Bi Time ilitoka wapi. Bi Time aliacha kuchambua karafuu. Methali hii, alisema, ilizaliwa njiani kwenda makaburini.

Shaame na kaka yake Faki walikuwa tumbo moja, lakini waligombania mikarafuu miwili ya mpakani wakanuniana miaka saba. Shaame alikuwa mchukuzi. Gunia zima alilibeba huku akipiga mluzi. Faki alipougua alimtuma mkewe mara tatu: "Mwambie mdogo wangu aje tu, sina la kumlaumu." Mara ya tatu Shaame alijibu, "Mwambie nitakuja siku ya kumbeba."

Siku nne baadaye akaitwa kumbeba.

Alishika jeneza mbele, nafasi ya ndugu. Hatua ya kumi tu, akapunguza mwendo. Bega lilimuuma kana kwamba limetwishwa gogo bichi. Jasho likamtoka, akaona aibu, na aibu ikageuka hasira.

"Tueni," alisema. "Mmetia nini humu?"

Watu walipigwa na butwaa, maana jeneza halituliwi njiani. Mzee Kombo, aliyeshika nyuma yake na umri wake miaka themanini, alisema taratibu, "Shaame, mimi sioni uzito. Kaka yako kaisha, mwepesi kama mkeka."

Shaame hakusikia la mtu. Jeneza likatuliwa, naye kwa mkono wake mwenyewe akafunua shuka. Hapakuwa na jiwe wala gogo. Palikuwa na sanda, na ndani ya sanda mtu mdogo kiasi cha mtoto. Kijiji kizima kilijua Faki alivyokonda, isipokuwa yeye.

"Ulikuwa na neno naye?" Mzee Kombo aliuliza.

"Nilikuwa nalo."

"Basi mwambie."

Shaame alipiga magoti vumbini. "Kaka, nisamehe," alisema. Watu walisubiri kidogo, kana kwamba maiti angejibu. Kisha wakaliinua jeneza wakaendelea.

Wapo wanaosema jeneza lilikuwa jepesi tangu hapo. Shaame mwenyewe hakusema hivyo. Alisema lilikuwa zito mpaka kaburini, na waliporudi mikono mitupu bega bado lilikuwa linauma. Hadi uzeeni, akisikia mtu kanuniana na nduguye, alikuwa akijishika bega la kulia na kumwambia: "Nenda leo. Neno lisilosemwa hulemea bega."