Pole ya Nyati

Paukwa.

"Pakawa."

Mnaitikia kama mmelazimishwa. Paukwa.

"Pakawa, bibi. Toa, tunapokea."

Haya, sasa nimewasikia. Pukuchueni mahindi huku mnasikiliza, mikono haina masikio. Na wewe Mwanakheri, mdogo wangu, usiondoke. Kaa hapo mkekani. Hadithi ya leo nataka uisikie mpaka mwisho wake.

Tangu asubuhi Zamzam na Athumani wananipigia kelele na simu zao. Zamzam anasema akili bora ya simu ni ile inayofupisha: unaipa habari ndefu, inakurudishia maneno matatu. Athumani anasema bora ni ile inayokuandikia: unaipa maneno matatu, inakurudishia barua nzima yenye manukato. Wajukuu wangu hawa wameniuliza mimi ipi bora, nikanyamaza. Zote mbili nazijua, na zote mbili zimenifedhehesha. Lakini kwanza ngano.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama wakisema na ndege wakijibu, palikuwa na Nyati na Kwale. Nyati mkubwa, Kwale mdogo, lakini walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Nyati alikuwa na mtoto mmoja, Ndama. Kwale alikuwa na mayai saba, ameyataga chini kwenye majani, kando ya njia ya mtoni. Kila Simba alipojongea, Kwale alipiga ukelele, na Nyati akamchukua Ndama wakakimbia. Simba kalala na njaa mara nyingi kwa sababu ya ukelele ule.

Kwale alimwomba Nyati jambo moja tu.

"Shoga, ukienda mtoni pita njia ya juu. Huku chini nina mayai."

"Nitapita juu," alisema Nyati.

Akapita juu. Kesho yake akapita juu. Keshokutwa akapita juu. Siku moja alfajiri kukawa na ukungu, na Ndama analilia maji. Nyati akaona leo njia ya juu ni ndefu. Akapita chini.

Akasikia kitu kinapasuka chini ya ukwato. Kikapasuka na kingine, na kingine. Nyati alijua ni nini, msidhani hakujua. Lakini hakusimama. Alikwenda zake mtoni, akanywa maji, na yale maji hayakuwa na ladha.

Basi hapo kuna makosa mawili. La kwanza ni kukanyaga. La pili ni kutosimama, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Kwale alirudi akakuta maganda matupu. Alilia mpaka nyika nzima ikakusanyika. Akaweka matanga. Na desturi ya pale ilikuwa hivi: matanga ni siku tatu, siku ya tatu yanaanuliwa, na mfiwa akitaka kuhama ndipo anapohama. Kwale alisema mbele ya watu, "Matanga yakianuliwa navuka mto, na sirudi. Siwezi kukaa mahali watoto wangu wanakanyagwa na aliyekanyaga hasemi neno."

Habari zikamfika Nyati. Kwale akivuka mto, nani atampigia Ndama ukelele? Lakini kwenda matangani hakwendi. Aibu. Mwenye kuijua aibu anaijua, haina pa kuiweka. Nyati alijitosa kwenye matope, akabaki pua tu nje, ili asionekane na mtu. Matope yalimfunika yeye, aibu haikufunikika.

Ndipo alipomkumbuka Kindi.

Kindi alikuwa fundi wa kufupisha maneno. Tembo alipohutubia tangu asubuhi hadi adhuhuri, waliochelewa walimwendea Kindi, naye akawaambia, "Mto umepungua, tutakunywa kwa zamu." Na kweli ndivyo Tembo alivyosema. Kindi anamenya maneno kama anavyomenya karanga, ganda huku, punje huku. Simsingizii, kazi yake anaijua.

"Kindi, mwanangu," alisema Nyati, "nipelekee maneno kwa Kwale. Mwambie kulikuwa na ukungu. Mwambie Ndama alikuwa analia, nikapita njia aliyonikataza. Mwambie nilisikia yanapasuka, nikajua, na sikusimama. Mwambie ni mimi. Mwambie anisamehe."

"Mengi hayo, mama," alisema Kindi. "Mfiwa hana nafasi. Niachie mimi."

Kindi akaenda njiani anamenya. Alipofika matangani akasimama mbele ya Kwale, akasema, "Ujumbe kutoka kwa Nyati. Kulikuwa na ukungu. Mayai yamepasuka. Pole."

Kwale akamtazama. "Yamepasuka? Nani kayapasua?"

"Hilo halimo," alisema Kindi. "Nimechukua la maana tu."

Watu wakaangalia chini. Kwale akasema polepole, "Pole nimepewa na Twiga. Pole nimepewa na Pundamilia. Hata Fisi, aliyekuja kunusa maganda, kanipa pole. Pole ni ya mpita njia, mwanangu. Nenda kamwambie Nyati pole yake nimeiweka pamoja na hizo."

Kindi akarudi njiani anamenya. Akamwambia Nyati, "Kasema ameiweka."

"Ameipokea?"

"Ameiweka."

Nyati akashusha pumzi. Usiku ule alilala, jamani, mpaka akakoroma. Asubuhi Ndama akarudi kutoka malishoni. "Mama, Kwale anafungiwa mizigo. Na watu wanakucheka, wanasema umempa shoga yako pole kama mgeni." Nyati akarudi kwenye matope, na safari hii hata pua aliitoa kidogo tu.

Siku ya pili akamwita Mnana.

Mnana mnamjua, ndege anayesuka kiota kikaning'inia na upepo usikiangushe. Basi maneno pia alikuwa anayasuka. Mwaliko wa arusi ukitoka kwake, hata aliyekuwa hana nia ya kwenda anaoga na kwenda. Na hilo nalo simsingizii.

Nyati akamwambia yale yale. Ukungu, Ndama, njia, nilisikia, sikusimama, ni mimi, anisamehe. Mnana akasikiliza, kichwa upande.

"Dada, maneno yako yako uchi," alisema. "Utayapelekaje msibani bila nguo? Na hili la 'sikusimama' linakuchafua bure. Nipe mimi niyavike."

Nyati, kwa kuwa alikuwa na aibu, akafurahi kusikia kuna namna ya kuomba radhi bila kuchafuka. Hapo ndipo alipopotea mara ya pili.

Mnana akatua matangani, akakunjua mbawa, akaanza. "Kwako Kwale, kidani cha nyika, pambo la majani, mama wa mama. Salamu zako ni nyingi kuliko umande. Nyati, rafiki wa moyo wako, anabubujikwa na huzuni kwa yaliyotukia. Hakika ajali haina kinga. Hakika lililoandikwa halifutiki. Basi shoga, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Wapo waliosema, "Aa, kasema vizuri." Kanga alifuta machozi. Kwale hakulia. Alisimama, na tangu siku ya msiba alikuwa hajasimama.

"Rudia hilo la mwisho."

"Yaliyopita si ndwele," alisema Mnana, kwa sauti nzuri zaidi.

"Hilo ni neno langu mimi," alisema Kwale. "Mwenye kidonda ndiye anayesema si ndwele. Aliyemkata halisemi. Nyati kanivunjia mayai, sasa ananichukulia na msamaha wangu anajipa mwenyewe?"

Mnana akakunja mbawa moja, kisha ya pili. Kwale akakaa tena palepale alipokuwa, akasema, "Kesho matanga yanaanuliwa. Nimemaliza."

Mnana alipomfikia Nyati hakuremba. Alimwambia kama ilivyokuwa, akaruka. Nyati akasimama kwenye matope yake. Kwanza alijiona mwovu, sasa akajiona mwovu na mjinga. Nilidhani naikimbia aibu, alisema moyoni, kumbe nimeizalisha.

Siku ya tatu, watu wamejaa, mkeka unakunjwa. Nyati akaja. Alikuja na matope yake, hakuoga. Watu wakampisha, kila mtu macho kwake, na alikuwa mkubwa hana pa kujificha.

Akafungua kinywa. "Kulikuwa na ukungu," alisema.

"Ndama alikuwa analia."

Kwale amekaa palepale, anangoja.

Nyati akaangalia chini. Akasema, "Ni mimi. Ulinikataza, nikapita. Niliyasikia. La kwanza lilipopasuka ningeweza kusimama, yakabaki sita. Sikusimama. Nisamehe."

Neno lile la mayai sita hakuwa amempa Kindi, wala hakuwa amempa Mnana. Hata yeye mwenyewe alikuwa halijui mpaka lilipomtoka. Akalia pale mbele ya watu, kilio kibaya kisicho na mpango.

Kwale akasogea kando. Pale alipokuwa amekaa siku zote tatu, chini yake, palikuwa na unyayo wa ukwato mkubwa, ukwato wa kushoto wenye ufa.

"Nilijua tangu asubuhi ile," alisema Kwale. "Unyayo wako naujua. Nimeukalia siku tatu namngoja mwenyewe aje. Umechelewa, Nyati, lakini umekuja."

"Utavuka mto?"

"Sivuki. Ndama hana kosa." Kisha akasema, "Lakini lile la si ndwele sitalisema leo. Bado ni ndwele. Siku nitakayoweza nitalisema, na nitalisema mwenyewe."

Nyati akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo akitembea anainama, anatazama anapokanyaga. Mwangalieni siku mkimwona.

Basi Zamzam na Athumani, jibu lenu ndilo hilo. Hotuba ndefu mpeni Kindi. Mwaliko wa arusi mpeni Mnana. Lakini kosa lako mwenyewe usimpe mtu akusemee, awe mnyama, awe ndege, awe simu. Anayefupisha atakuondoa wewe. Anayeremba ataliondoa kosa. Na radhi isiyo na mkosaji wala kosa ni ya nini?

Mnacheka. Mimi sicheki.

Mwanakheri, lile sufuria la pilau lililoungua kwenye arusi ya binti yako, wakwe wakala wali wenye moshi, ukaaibika wewe. Nilikutumia ujumbe wa kwanza kwenye simu, ukaja na maneno manne na pole. Nikakutumia wa pili, ukaja na maua, nikakwambia tugange yajayo. Ule haukuwa mkono wangu, dada. Wa kwanza nilimpa Kindi, wa pili nikampa Mnana. Nilikuwa naona haya.

Na hata leo nimezunguka na nyati na kwale mpaka jua linaelekea kuzama. Sasa basi nasema. Kuni hazikuwa mbichi. Jiko halikuwa bovu. Uliniachia sufuria, nikasikia ngoma, nikatoka kwenda kuchezesha mabega. Harufu niliisikia nikiwa bado uwanjani. Nikasema ngoma hii iishe kwanza. Ni mimi. Nisamehe.

"Malizia hadithi yako," kasema Mwanakheri. Hakuninyanyulia macho, lakini mkekani hajaondoka, na hindi lililokuwa mbele yangu kalichukua analipukuchua.

Haya, namalizia. Hadithi imefika mlangoni kwa Kwale, nami ndipo nilipoitua. Iliyo tamu gawaneni nyote. Iliyo chungu msiiguse, ni yangu.