Birika la Sultani Shali Lajaa kwa Frasila Moja

Hapo zamani, katika mji uliokaa chini ya jabali, palikuwa na sultani jina lake Shali, mtu mnene, mvivu, mwenye kilemba kikubwa kuliko akili zake. Jumba lake lilikuwa juu ya jabali na kisima kilikuwa chini mjini, basi amri yake ilikuwa kwamba kila alfajiri wanawake wapande na mitungi, wasiache mpaka birika lake la kuogea limejaa. Humo alijitumbukiza kama kiboko hata adhuhuri, na hayo ndiyo aliyoyaita kutawala.

Ikawa siku moja mwanamke mmoja akaanguka njiani, akavunjika mguu. Wenziwe wakaenda kulalamika kwamba mzigo umewashinda.

Sultani akacheka. "Mzigo mzito? Basi niambieni, maji ya birika langu yana uzito gani? Mkishindwa, mtapanda mara mbili kwa siku."

Akajitokeza Mwalimu Shekue, msomi wa mji. Akapima birika kwa dhiraa, urefu, upana na kina, akatia mizanini mtungi mmoja wa maji ya kisima, akaona ni frasila moja, akapiga hesabu yake vizuri. "Frasila mia sita, bwana." Naye alipatia. Lakini Sultani, asiyejua hata mbili mara tatu, alimtazama waziri wake, na waziri akasema, "Uongo mtupu, bwana wangu!" Mwalimu akala viboko thelathini kwa kosa la kujua.

Ndipo akaja Mize, mjane asiye na mbele wala nyuma, ambaye watu wa jumbani walimwita punguani. "Mimi nitayapima, bwana. Nipe masharti."

"Yule alifananisha na maji ya kisima," akasema Sultani, akijiona mjanja. "Wewe sikupi nafasi hiyo. Tone lisitoke birikani, wala tone lisipande jabali hili, hata uzito ujulikane. Nikivunja neno hili, kiti hiki si changu!"

"Na muda, bwana?"

"Chukua muda upendao."

"Kadhi na aandike," akasema Mize. Kadhi akaandika, Sultani akatia muhuri kwa madaha.

Basi Mize akatandika jamvi kando ya birika, akakaa akiyatazama maji. Jioni alishuka kwake, akanywa, akala, akalala. Asubuhi akarudi jamvini. Jumbani madafu yaliisha siku ya kwanza. Siku ya pili mpishi alikuja kuchota birikani kwa ndoo, walinzi wakamfukuza kwa amri ya bwana wao. Sultani alikuwa amekula papa mkavu, ulimi ukamnata kinywani.

"Shuka ukanywe kisimani, bwana wangu," waziri akamnong'oneza.

"Mimi? Nipange foleni na wajane?"

Akamwendea Mize akifoka, "Utapima lini?"

"Nangojea maji yatulie, bwana. Sasa umeyatikisa kwa kelele zako, itabidi nianze upya."

Siku ya tatu mchana, Sultani alikuja akitambaa, midomo imepasuka. "Sema uzito wowote! Wowote, nitaukubali!"

"Frasila moja," akasema Mize.

"Kweli kabisa!" akalia Sultani. Na yule waziri, bila haya, akadakia, "Frasila moja kamili, wala haizidi punje!" Kadhi akaandika, muhuri ukapigwa, na Sultani akatia kichwa birikani akanywa kama ng'ombe.

Maji yale akayaoga, akayachafua, yakamwagwa. Kulipokucha akapanda Mize peke yake na mtungi mmoja, akaumimina. Maji hayakufunika hata sakafu.

"Wengine wako wapi?" Sultani akanguruma.

"Wamelala, bwana. Amri yako ni birika lijae, na muhuri wako unasema likijaa ni frasila moja. Limejaa."

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akafungua karatasi, akasoma tangu mwanzo, polepole, mbele ya walinzi waliokuwa wakijiuma midomo wasicheke.

Tangu siku hiyo Sultani Shali akawa anashuka jabali kwa miguu yake, akihema, kwenda kuoga kisimani. Na wanawake humwambia angoje zamu yake, nyuma ya yule mwenye mguu uliovunjika. Hekaya yangu nimeitua hapa. Anayeiona nyepesi na aichukue kichwani.