Jiko Baridi la Mwalimu Ruwa

Barazani sifa, jikoni habari. Jana mlinisikia nikiitamka nilipokataa kumsifu yule jirani mpya, mkacheka, kisha mkataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, upande wa Kinango, alikuwapo mama mmoja aitwaye Mejumaa, mke wa Mwakombo. Alikuwa mtu wa shaka. Akinunua mahindi, huingiza mkono mpaka chini ya gunia. Watu walimcheka, na mimi ningemcheka, lakini shaka hiyo ndiyo iliyomfumbua macho. Aliona kuku wake wananenepa huku binti yake Mbeyu anakonda. Akawafuata kuku, akakuta matonge ya sima yamemwagwa nyuma ya ua.

Mbeyu alikuwa na miaka kumi na sita. Hakuwa na homa wala tumbo halikumuuma. Alikuwa anaogopa chakula, na hofu yenyewe hakuweza kuieleza. Alibembelezwa, akagombezwa, akapungwa pepo, na kila njia ilimzidishia ukimya. Mwishowe akawa hapokei kitu ila maziwa, kikombe kimoja asubuhi, ya ng'ombe wao wa pekee. Siku alipoanguka njiani akitoka kisimani, zahanati ikawaambia: huyu anahitaji kukaa kwa watu wanaoujua ugonjwa huu, na akae miezi.

Nyumba za kulaza wagonjwa kama yeye zilikuwa mbili. Moja ya Mwalimu Ruwa, karibu na mjini, iliyosifiwa kila siku ya mnada. Nyingine ya Bi Umazi, muuguzi aliyestaafu, ng'ambo ya mto, ambayo hakuna aliyeisifu. Kila moja ilitaka malipo ya thamani ya ng'ombe mmoja. Wakikosea kuchagua, hakuna ng'ombe wa pili, na kile kikombe cha asubuhi nacho kimekwenda. Mejumaa alilijua hilo, na hakupata usingizi.

Wakaanza kwa Ruwa. Baraza lilipakwa chokaa, mikeka mipya, ubani unafuka. Mwakombo akaletewa pilau ya nyama, akala mpaka akalegeza mkanda. Ruwa akawahesabia aliowaponya. Halafu akataja masharti yake: malipo yote kwanza, na siku arobaini mama asimwone mwanawe, kwani macho ya mama humrudisha mgonjwa nyuma.

Sasa sikilizeni. Kwa watu wale mgeni haingii jikoni kwa mwenyeji. Huketi, hulishwa, na kwa kile alicholishwa huipima nyumba. Mwakombo aliipima hivyo, akaridhika, kwani anayemlisha mgeni namna ile atashindwaje kumlisha mgonjwa? Mejumaa naye aliitazama ile pilau. Ilikuja ya moto, na tangu wafike hakuwa ameona moshi.

Akaomba kwenda uani. Huko akachungulia jikoni. Sufuria moja ilikuwa sakafuni, na ubavuni ina jina la mgahawa wa sokoni. Majivu yalikuwa yameganda. Katikati ya mafiga kuku alikuwa ameatamia mayai, na hakujisumbua hata kuinua kichwa. Mejumaa alizijua siku za kuku kuatamia: wiki tatu, na moto usiwashwe.

Akarudi barazani, hakuketi.

"Mwalimu, wagonjwa wako wanakula nini?"

"Chakula bora, mama."

"Kinapikwa wapi?"

Ruwa akamtazama Mwakombo, kisha akatabasamu. "Mgeni haendi jikoni."

"Mimi si mgeni," akasema Mejumaa. "Mimi ndiye mwenye mgonjwa."

Njiani Mwakombo alikuwa amevimba kwa hasira. "Umeniaibisha, mama Mbeyu. Pilau ya watu bado iko tumboni."

"Wewe ulionyeshwa baraza, baba Mbeyu. Mimi nimemwona kuku anaatamia mafigani. Akimaliza kutotoa, mwanao atakuwa amekula nini?"

Mwakombo akakaza mkanda wake. Wakashika njia ya mtoni, wakavuka.

Kwa Bi Umazi, Mejumaa hata hakungoja kukaribishwa. Alipita moja kwa moja jikoni. Bi Umazi alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi, asiinuke. Moto unawaka. Wasichana wanne walikuwa mkekani, na mmoja wao analia juu ya bakuli la uji, anachota kijiko, anangoja, anachota kingine. Hakuna aliyemharakisha.

"Atapona lini mwanangu?" akauliza Mejumaa.

"Sijui, dada. Atakayekutajia siku, muogope."

Hilo nalo Mejumaa alilitilia shaka. Akafunua chungu, akaonja uji, akamwinamia yule msichana. "Mama yako ulimwona lini?"

"Ijumaa," akasema msichana. Ndipo Mejumaa akamweleza Bi Umazi habari za ng'ombe wao na kile kikombe cha asubuhi.

"Nawe utakuja kila Ijumaa, mle pamoja," akasema Bi Umazi. "Na ng'ombe msimuuze. Mleteni hapa hapa. Atakuwa wangu, lakini kikombe cha asubuhi kitabaki cha mtoto. Tutaanzia hapo."

Mejumaa akakaa chini, akalia, maana hilo hakuwa amethubutu kuliomba.

Mbeyu alikaa miezi saba. Mara mbili alipata nafuu, mara mbili hofu ya chakula ikamrudia. Kila Ijumaa mama yake alifika, na kila Ijumaa alipitia jikoni kwanza.

Miaka minne baadaye alitokea mchumba, na wazee wakaenda kuiona nyumba ya kijana. Mbeyu akasema naye atakwenda. Barazani mambo yalikuwa tayari: mikeka, ubani, sifa za ukoo. Mwakombo alikuwa ameanza kulegeza mkanda pale Mbeyu aliposimama na kuelekea nyuma.

"Mwanangu, mgeni hapiti huko," akasema shangazi wa kijana.

"Barazani sifa, shangazi," akajibu Mbeyu kwa adabu. "Jikoni habari."

Alikawia. Aliporudi, wote walimgeukia wasikie nyumba ile ameionaje. Mkononi alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha, na alikuwa anatafuna. Mejumaa, asiyemwamini mtu, hakumwuliza kitu. Alilitazama taya la mwanawe mpaka akameza, akamwona anauma tena.

Arusi ilifanyika, na wale wazee wakaondoka na neno lile midomoni. Limefika mpaka kwangu, nami nawaachia ninyi: barazani sifa, jikoni habari.