Foleni ya Bi Mwanahawa

Uwanja ulikuwa mpya, haujachezewa bado, na Bi Mwanahawa alikuwa ameapa hafi bila kuiona fainali. Kikwazo kilikuwa Shomvi, mlanguzi mwenye mabaunsa, ambaye kila mechi huwasukuma watu, akazoa tiketi zote, kisha akaziuza nje kwa bei ya kukufuru.

Asubuhi Shomvi akamkuta Bi Mwanahawa na mashoga zake wamejipanga mbele ya kidirisha kilichofungwa.

"Pisha, bibi. Wewe na mpira wapi na wapi?"

"Tumefika tangu alfajiri, baba. Utatuonea hivihivi?"

"Nitawaonea kweupe."

"Mwacheni, mashoga," akasema Bi Mwanahawa, akijifuta machozi kwa pindo la kanga. "Wanyonge twende zetu."

Wakazunguka nyuma ya jengo, wakikokota ndala. Shomvi akabaki pale, kifua mbele, mpaka jua likawa kali. Mwishowe kidirisha kikafunguka, mzee akachungulia na karatasi laini mkononi.

"Haja kubwa au ndogo, bosi?"

Shomvi alipofika nyuma ya jengo akihema, dirisha la tiketi lilikuwa limeshafungwa, zimekwisha. Bi Mwanahawa alikuwa akijipepea kwa tiketi yake.

"Umeshamaliza, baba?" akamwuliza. "Umenawa?"