Roho ya Mchungwa wa Bi Mashavu

Bi Mashavu wa Muheza alikuwa na mchungwa mtamu na magoti mabovu. Kilichobaki kizima kwake ni mdomo tu.

Siku moja Bwana Mgaza, tajiri wa mashamba, alimjia na vibarua wenye mapanga.

"Bibi, nipe vikonyo vya mchungwa wako nikabebeshe miche yangu, niviunge juu yake nayo izae matamu kama haya, la sivyo nakufungia njia ya kisimani."

"Kata, mwanangu. Ajuza mimi nitakuzuia kwa kikohozi? Ila yale matawi marefu yaliyosimama wima, niachie. Ndiyo roho ya mti wangu!"

Mgaza akacheka, akayafyeka hayo hayo yote, akaenda zake, njia akaiacha wazi.

"Shoga, kakumaliza!" jirani akalia.

"Kanipogolea bure! Yale hayazai, yana miiba tupu na kunyonya mti tu. Kwa magoti haya ningepanda juu lini kuyakata? Mwache akabebeshe miiba."